Wakala wa kaboni anataka nisaini miaka 30 kwenye shamba la paina, Mufindi. Kuna hela kweli?

NyotaYaIgowole

Kamwene wakuu. Naomba msaada kwa wanaoielewa hii biashara ya kaboni, maana kijijini kwetu imeingia kwa kishindo na kila mtu ana lake la kusema.

Niko Mufindi, upande wa Igowole. Nina ekari 11 alizoacha marehemu mume wangu. Sita ni paina, nusu ina miaka minane na nusu minne. Mbili ni milingoti, nasubiri ifike nguzo. Tatu zilizobaki ni mteremko unaoshukia kijitoni. Tulilimaga mahindi pale mpaka ukabaki udongo mwekundu mtupu, sasa ni majani na mbuzi za watu.

Wiki iliyopita tuliitwa mkutano ofisi ya kijiji. Kaja kijana wa kampuni, fulana ya kijani, projekta yake, jenereta lake, maji ya chupa kwa wote. Akaeleza kwamba miti inavuta hewa ukaa, kwamba makampuni ya Ulaya na Marekani yanayochafua hewa yanalipa ili miti isimame, kwamba shamba linapimwa kwa satelaiti kwa hiyo mkulima hagusi kitu, na hela inaingia kwenye simu kila mwaka. Akatuonyesha picha za zahanati na madarasa ya wilaya ya Tanganyika kule Katavi, eti yote ni kaboni. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akapiga kuliko wote.

Mkataba wenyewe ni wa Kiingereza, kurasa kibao, mbele umebandikwa ukurasa mmoja wa Kiswahili. Binti yangu ni mwalimu Makambako, nikampigia picha ukurasa kwa ukurasa akanisomea kwenye simu. Ni wa miaka 30. Haki zote za kaboni za shamba zinahamia kwa kampuni. Mkulima anapata asilimia 40 ya "mapato halisi baada ya kuondoa gharama za mradi". Kuvuna mpaka kampuni ikubali kwa maandishi. Ukiuza shamba, anayenunua anabeba na mkataba.

Nikanyoosha mkono nikauliza, ekari moja ni shilingi ngapi? Akasema, "Mama, hiyo inategemea soko." Jamani, mimi nimeuza mbao Mafinga muda mrefu. Mtu akikwambia inategemea soko, bei anaijua, ila hataki uijue wewe.

Sasa naomba kujua. Paina yangu iliyokwisha simama inahesabika? Ekari inatoa kiasi gani? Hiyo satelaiti inajuaje mti una uzito gani? Na shemeji ananisukuma ile ya miaka minane tuwape watu wa vinia (zile mbao nyembamba za kutengeneza plaiwudi) sasa hivi, maana ada ya chuo ya mdogo mtu inakuja Oktoba. Nisaini, niuze, au nitulie?

Siku ya kusaini ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Dingdong_Mafinga

Dada yangu, mti una wateja watatu: wa nguzo, wa mbao, wa vinia. Huyu wa nne anayekulipa usikate simwelewi. Mashine yangu haijawahi kupasua kaboni. Uza, lipa ada, panda upya. Kaboni waachie wenyewe.

Mpima_Msitu

Shikamoo mama. Dingdong anachekesha lakini hajajibu swali. Mimi nimesoma misitu SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kazi yangu ni kupima, Mufindi na Njombe nimezitembea na tepu mkononi. Nitajibu kwa hesabu ili Alhamisi uende nayo.

Paina iliyosimama haihesabiki. Krediti moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa iliyoondolewa hewani au iliyozuiwa isitoke, na anayeinunua ananunua kitu ambacho kisingetokea bila hela yake. Wewe ulipanda kwa ajili ya mbao kabla kampuni haijazaliwa. Kijana akikwambia itaingia, ama hajui kazi yake, ama anakusanya sahihi nyingi ili akawaonyeshe wawekezaji ekari nyingi. Hilo la pili ndilo naliona mara kwa mara.

Ngumu zaidi ni hii, na hapa ndipo Mufindi inapokuwa tofauti na kwingine. Hata ukipanda paina mpya kesho, bado una shida. Verra, shirika la Marekani lenye kiwango kinachotumika kuliko vyote kwenye soko la hiari (la wanaonunua kaboni bila kulazimishwa na sheria), lilitoa mwaka 2023 mwongozo mpya wa miradi ya kupanda miti, unaitwa VM0047. Zamani mtu alikuwa anaandika tu kwenye ripoti kwamba "bila mradi eneo lingebaki majani". Siku hizi wanachukua vipande vya ardhi nje ya mradi, vinavyofanana na chako kwa udongo, mvua, umbali wa barabara na historia, wanavifuatilia kwa satelaiti miaka yote. Unalipwa tofauti tu kati ya shamba lako na vipande hivyo. Sasa fikiria jirani zako wa Igowole. Wote wanapanda! Kuna Sao Hill ya serikali hapo karibu, kuna miaka yote ya mradi wa Panda Miti Kibiashara, kuna watumishi wa Dar walionunua mashamba kwa simu. Vipande vya kulinganishia vitaota miti vyenyewe, na kila mti unaoota kule unapunguza krediti yako. Tumekuwa wapandaji wazuri mno kuweza kuuza kupanda.

Ndiyo maana mashamba makubwa ya Uchindile na Mapanda yaliweza kuingia kwenye kiwango cha Verra zaidi ya miaka 15 iliyopita. Ilikuwa nyika ya majani, na wakati ule upandaji wa watu binafsi haujachangamka hivi.

La tatu ni kuvuna. Kwa shamba linalovunwa na kupandwa tena, hawakulipi kaboni yote ya mti siku ukiwa mkubwa. Wanachukua wastani wa mzunguko mzima, kutoka mche mpaka msumeno. Ukishafika wastani huo, basi. Mzunguko wa pili haukupi krediti mpya, kwa sababu wastani ni ule ule. Kwa hiyo mkataba wa miaka 30 kwenye paina inayokatwa kila baada ya miaka 12 unakulipa miaka ya mwanzo, halafu unabaki umefungwa bure.

Haya, hesabu. Chukulia paina yako inakua mita za ujazo 15 kwa hekta kwa mwaka, shamba lililotunzwa na kupogolewa. Miaka 12 ni 180 kwa hekta, ekari ni kama 73. Mita moja ya ujazo ya paina ikikaushwa kabisa ni kama kilo 400. Karibu nusu ya hiyo ni kaboni (wataalamu wanatumia 0.47), ukizidisha kwa 3.67 kuigeuza kuwa hewa ukaa unapata kilo 690. Kwa ekari ni tani 50, ongeza matawi na mizizi tuseme zifike 75. Wastani wa mzunguko ni chini ya nusu, weka 35. Toa akiba ya hatari: kila mradi wa misitu wa Verra unaacha sehemu ya krediti kwenye mfuko wa pamoja kwa ajili ya moto na majanga, si chini ya asilimia 10. Weka 15, unabaki na 30. Toa jirani wanaopanda, tuseme nusu. Kumi na tano.

Krediti 15 kwa dola 10 ni dola 150. Asilimia 40 yako ni dola 60. Tukichukua dola kwa 2,500, ni laki moja na nusu kwa ekari, si kwa mwaka, kwa mzunguko mzima. Na hapo sijatoa hizo "gharama za mradi" ambazo mkataba unazitanguliza kabla ya mgao wako. Bei ya ekari ya paina ya miaka 12 iliyosimama unaijua kuliko mimi.

Soko lenyewe lina bei za ajabu. Kuna krediti zinauzwa chini ya dola mbili na nyingine juu ya 20, zote zinaitwa tani moja. Kwa hiyo kijana hakudanganya kwamba inategemea. Ila kampuni ina bei iliyoandika kwenye mpango wake wa biashara. Muombe hiyo.

NyotaYaIgowole

Laki na nusu kwa miaka kumi na miwili? Na ruhusa ya kukata mti wangu niiombe kwa barua? Marehemu angefufuka.

Asante sana mwanangu Mpima. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo. Lakini hujagusa satelaiti, na kijana ndiyo aliitegemea kuliko vyote. Alisema "teknolojia mpya ya anga, haidanganyi". Na Katavi je? Zile zahanati ni za uongo?

Mpima_Msitu

Katavi ni kweli kabisa, tena ni mfano mzuri. Lakini pale vijiji vinalinda msitu wa asili uliokuwepo, ule wa milima ya Ntakata, usifyekwe kwa mashamba. Ardhi ni ya kijiji, hela inaingia kijijini, mkutano mkuu unapanga matumizi. Ni mabilioni ya shilingi kwa sababu ni maelfu na maelfu ya hekta za msitu mkubwa. Kuweka picha ya Katavi mbele ya mtu mwenye ekari sita za paina Igowole ni ujanja wa sokoni.

Satelaiti sasa. Zipo za aina kadhaa na kila moja inajua kitu chake. Sentinel-2 za Ulaya zinapiga picha ya kila mahali kwa muda wa siku chache, kila nukta ni mita 10 kwa 10, na ni bure kwa yeyote. Zinaona vizuri kama kuna miti au imekatwa. Lakini ukungu wetu wa Mufindi mnaujua, kuna miezi picha zote ni pamba. Hapo inasaidia Sentinel-1, yenye rada inayopenya mawingu. Kwa urefu wa miti kuna mashine ya NASA inaitwa GEDI, ilipelekwa kwenye kituo cha anga mwishoni mwa 2018, inapiga mwanga wa leza chini na kupima muda unaorudi kutoka kileleni na kutoka ardhini. Ila inapiga madoa ya mita 25, na kati ya doa na doa haioni kitu. Aprili 2025 Ulaya walirusha nyingine, Biomass, rada ya mawimbi marefu inayopita majani ikafika kwenye shina. Hiyo ndiyo hasa ya uzito. Lakini ramani yake ya uzito ina nukta za mita 200, hekta nne. Ekari zako sita za paina zinaingia kwenye nukta moja na sehemu ya shamba la jirani inabaki humo humo.

Kwa hiyo ya anga inajua kama umekata. Mti wako una kilo ngapi bado ni mtu aliyesimama chini yake, anazungusha tepu kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, anaandika. Akikwambia hakuna atakayegusa shamba, muulize sampuli za ardhini watachukua wapi na nani analipwa kuzichukua. Vijana wa kijiji wanaweza kuifanya kazi hiyo vizuri, wakifundishwa siku chache.

KaratasiKwanza

Mama Nyota pole na msiba hata kama ni wa siku nyingi. Mimi niko kwenye sheria, Njombe. Naongeza mawili kwa kifupi.

Kwanza hati. Kama ni hati ya hakimiliki ya kimila na ina majina yenu wawili, angalia imeandikwaje, mnamiliki kwa pamoja au kila mmoja na fungu lake. Kama ni mafungu, fungu la marehemu ni la mirathi, na bila msimamizi wa mirathi huwezi kulisainia mkataba wa miaka 30. Sisemi kukutisha. Nimeona shemeji wa watu wakilikumbuka hilo baada ya hela kuanza kuingia.

Pili, Tanzania ina Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022. Mamlaka ni Ofisi ya Makamu wa Rais, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, NCMC, kiko SUA Morogoro. Mradi lazima usajiliwe. Wakala akupe namba ya usajili wa mradi, si cheti cha BRELA cha kusajili kampuni, hicho kila duka linacho. Kisha mwandikie NCMC uulize. Na mkataba wa Kiingereza kwa mtu anayesoma Kiswahili, mwambie auandike wote kwa Kiswahili na iandikwe humo kwamba nakala ya Kiswahili ndiyo itakayosimama pakiwa na ubishi. Akikataa hilo tu, umeshapata jibu lako.

Neno "haki zote za kaboni" nalo ni pana mno. Linabeba udongo, linabeba mabanzi yanayobaki ukipasua mbao, linabeba teknolojia ambayo bado haijavumbuliwa. Liandikwe: kaboni ya miti itakayopandwa chini ya mradi huu, eneo hili, miaka hii.

KahawaMbozi

Hilo la shamba kupimwa na kuchorwa ramani msilipite haraka. Kwetu Mbozi walipita watu kuchukua alama za GPS za mashamba ya kahawa kwa sababu ya ile sheria ya Ulaya ya 2023, kwamba kahawa isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 2020. Shamba chini ya hekta nne ni nukta moja tu, likizidi hapo unazunguka mipaka yote. Sheria imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini data zetu zilikwisha ondoka. Kampuni iliyonipimia nimeiomba nakala ya ramani ya shamba langu mwenyewe, wananizungusha hadi leo. Mama, wakikupima, nakala ubaki nayo siku hiyo hiyo, kwenye simu yako.

Tukuyu_kwa_Mvua

Ugonile! Nyie mnalipwa kuirudisha hewa ukaa ardhini, huku kwetu Rungwe inatoka ardhini yenyewe, tunaijaza kwenye mitungi inaenda kuwekwa kwenye soda. Dunia ina mambo.

Nina neno kuhusu majiko lakini. Mawakala wa aina hiyo wamegawa sana majiko banifu vijijini, unapewa jiko kwa bei ya kutupa, unasaini fomu kwamba kaboni ni yao. Sina ubaya na jiko, la kwangu linapunguza kuni kweli, na mkakati wa serikali wa 2024 unataka asilimia 80 ya watu wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, hela lazima itoke mahali. Lakini mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilijihesabia krediti kama mara tisa ya iliyostahili. Wenye miradi walidhani kila mama anatumia jiko jipya kila siku na yale mafiga matatu ameyatupa. Nani kayatupa? Makande unayapikia wapi?

Wanunuzi waliposikia hayo wakakimbia, bei ikashuka, na aliyepigwa ni mama wa mwisho kwenye mnyororo. Kwa hiyo mkiona kampuni inahesabu kwa ukarimu, msifurahi.

Kilolo_Shambani

Nimesoma wote, mmeongea miti tu. Ngoja niwatoe kwenye miti niwapeleke kwenye uchafu wa Dingdong.

Pale Mafinga na Makambako kila penye mashine kuna kilima cha mabanzi na maranda. Yanachomwa hivi hivi moshi juu, au yanaoza. Sisi kikundi chetu tunachukua mabanzi na matawi ya kupogolea tunatengeneza bayocha. Ni mkaa, lakini hauendi jikoni, unaenda shambani. Kuni ikiungua kwenye joto la nyuzi 400 hadi 700 bila hewa ya kutosha, kaboni inabaki imejifunga kwa namna ambayo vijidudu vya udongo haviwezi kuila upesi. Inakaa mamia ya miaka. Hapo ndipo soko linapolipa vizuri, kwa sababu mti unaweza kuungua Septemba, bayocha iliyoko chini ya viazi haiungui. Tani ya hewa ukaa ya bayocha inauzwa mara nyingi juu ya dola 100. Wanunuzi ni wale wakubwa, Microsoft na wenzao, na hawaulizi jirani yako kapanda nini. Wanauliza mabanzi yale yangefanywa nini kama usingeyachukua.

Namna tunavyofanya: shimo la umbo la faneli, upana kama mita mbili juu, kuta zimekandikwa udongo. Unawasha chini moto mkali mkavu. Tabaka la juu likianza kufunikwa na majivu meupe, unatupia tabaka jingine jembamba. Moto wa juu unakula hewa yote, wa chini unakosa, ndiyo inageuka mkaa badala ya jivu. Ukiona moshi umekuwa mzito, umetupia nyingi au kuni ni mbichi, na moshi huo una methani, gesi mbaya kuliko hewa ukaa, mpimaji akija anakukata krediti. Shimo likijaa unamwaga maji mengi, si kidogo, hadi liache kulia. Maranda ya unga hayafai kwenye shimo, yanaziba na kufuka, hayo yanataka tanuru la kufunga.

Tani ya mabanzi makavu inatoa kama kilo 200 za bayocha, na hizo ni kama nusu tani ya hewa ukaa. Kwa hiyo usitegemee kununua gari. Tunachopata cha uhakika ni udongo. Udongo wetu huku juu una tindikali, unajua wenyewe mbolea ya dukani inavyomezwa. Bayocha tunailoweka na samadi wiki mbili tatu kabla, maana ukiiweka kavu inanyonya chakula cha mmea badala ya kumpa. Viazi mviringo vimeitikia vizuri kuliko mahindi.

Upande wa hela, tumejiunga chini ya mratibu. Kila mchomo unapigwa picha kwenye programu ya simu, kuni kabla, moto katikati, mkaa baada, ujazo, mahali. Mchomo usio na picha haupo. Vijana wanaiweza kazi hiyo, wazee tunachoma. Malipo yanachelewa, hilo nakiri, mpaka mkaguzi apite.

Dingdong_Mafinga

Subiri. Mabanzi yangu yana dola 100?

Kilolo_Shambani

Tani mbili za mabanzi yako makavu, yamefika shimoni, yamechomwa, yamepigwa picha, yamekaguliwa, na mratibu kachukua chake. Usinitajie bei bado.

NyotaYaIgowole

Nacheka peke yangu hapa dukani.

Mpima, swali la mwisho. Zile ekari tatu za mteremko. Kijana hakuzitaja kabisa, alikuwa na macho na paina tu. Ningependa zifunikwe, mvua ikinyesha kijito kinageuka chai ya maziwa. Kaboni inaweza kusaidia hapo?

Mpima_Msitu

Hapo ndipo ningeanzia mimi. Ardhi imekuwa tupu muda mrefu, hakuna msitu wa asili uliofyekwa karibuni (wanataka iwe imepita miaka 10), na hakuna jirani anayepanda kitu kisichouzwa mbao, kwa hiyo vipande vya kulinganishia vitabaki majani. Mita 60 kutoka kijitoni sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu kuharibu, na milingoti pale usiweke hata ukipewa bure. Panda mivengi na miti mingine rafiki wa maji, juu kidogo weka parachichi zenye nafasi, kuna njia ya kuhesabu mti mmoja mmoja kwa miti isiyofanya msitu. Isiyokatwa haina ule mtego wa wastani.

Ubaya ni kwamba inakua taratibu, na peke yako hutoshi. Mkaguzi wa nje wa mradi mmoja anagharimu makumi ya maelfu ya dola, awe anakagua ekari tatu au elfu tatu. Lazima mwingie wengi, kupitia chama chenu cha wapanda miti cha kijiji. Kuna mfano wa zamani hapa hapa nchini, TIST, ulianzia Mpwapwa 1999: wakulima katika vikundi vidogo wanahesabu miti yao wenyewe, wanapewa kiasi kidogo kwa kila mti kila mwaka kama utangulizi, na asilimia 70 ya faida ikishapatikana. Nenda na hiyo 70 mkononi. Siyo lazima ukubaliwe, lakini 40 baada ya gharama itaonekana ilivyo.

Ile ya miaka minane sijui nikushauri nini, ada ni ada. Ila kama unaweza kulipia ada kwa milingoti, paina ya miaka minane ukiiacha mpaka 12 inaongeza unene ambao vinia hailipii. Hiyo ni biashara ya mbao tu, haina kaboni ndani.

NyotaYaIgowole

Nimempigia kijana wa fulana ya kijani leo asubuhi. Nikamuuliza namba ya usajili, akasema "iko kwenye mchakato". Nikamuuliza paina iliyosimama inaingiaje, akasema ataniunganisha na mtaalamu. Nikamuuliza kama naweza kuingiza ekari tatu za mteremko peke yake, kwa mkataba wa Kiswahili, paina nikaiacha nje. Akakaa kimya kidogo, akasema kampuni kwa sasa inapokea kuanzia ekari tano za paina.

Sisaini. Nimeongea na katibu wa chama chetu, Alhamisi badala ya kusaini tutasomewa mkataba wote kwa Kiswahili, binti yangu anakuja kutoka Makambako kuusoma, na mwenyekiti atake asitake. Tumehesabu kwa haraka wenye miteremko ya kijito upande wetu, tuko wengi kuliko nilivyodhani, ardhi zote zimechoka vile vile. Milingoti naipitisha kwa mnunuzi wa nguzo nione anasemaje, shemeji atasubiri.

Kilolo, mwezi ujao naomba nije nione hilo shimo. Mabanzi nitatoka nayo wapi nafikiri najua.

Dingdong_Mafinga

Njoo na gari lako. Mabanzi ya juu ni ya bure kama zamani, makavu ya chini ya bati tutaongea.